Bakuli Lisilopungua

Naanza kwa jina la Aliyeyaumba maji kabla ya kumuumba mwenye kuyaogopa. Naomba msamaha mapema, kwani nitakayoyasimulia yanahusu nafsi yangu, nayo nafsi ni shahidi ambaye kadhi yeyote angemkataa.

Katika mji wetu siku hazina majina. Zamani zilikuwa nayo; yakachakaa, yakavuliwa, hakuna aliyeyaokota. Sasa kila mtu huhesabu siku zake kuanzia jambo lililomtisha. Wakikutana wawili njiani, wakishaamkiana, huulizana, "Uko siku ya ngapi?" na kila mmoja hutaja yake bila ya haya. Faki Makame, muadhini wetu, yuko katika siku ya elfu sita na kitu, tangu Ramadhani ile alipoadhini magharibi jua likingali juu ya paa la soko. Mji mzima ukafungua, naye akabaki mnarani na tende mdomoni, akilitazama jua nalo likimtazama. Mke wangu Mwanatumu anahesabu tangu asubuhi aliyolisahau jina la mama yake kwa muda wa kuchemka birika la chai. Mimi nilikuwa sina hesabu. Miaka arubaini nimesalisha msikiti huu. Nimefundisha chuoni mlango wa tohara, ule wa usafi wa sala, hata nikawa naujua kwa harufu ya kurasa zake. Nilipoulizwa niko siku ya ngapi nilijibu, kwa kiburi ambacho wakati ule nilikiita utulivu, kwamba mimi sijaanza.

Nimekwisha kuanza.

Pembeni mwa birika la msikiti, pale tunapotawadhia, kuna bakuli la jiwe. Mwanamke mmoja aliyekufa kabla ya babu zetu aliliweka wakfu kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe, na akashurutisha kwamba imamu ndiye alijaze kwa mkono wake, kila siku, kabla ya adhuhuri. Nimelijaza miaka arubaini bila ya kuwatazama wanywaji. Siku ile nilimtazama mmoja. Alikuwa paka shume wa rangi ya jivu, sikio lake la kushoto limechanika, na alisimama mbele ya bakuli kichwa kikiwa upande, ute ukimning'inia mdomoni kama uzi ambao mshonaji amesahau kuukata. Hakunywa. Aliyatazama maji kama mtu atazamavyo kisima alichozama ndugu yake. Nikamhurumia. Nikalinyanyua bakuli, nikamsogezea mdomoni, naye akaniuma.

Si jeraha la kusimuliwa. Vitone viwili vya damu baina ya dole gumba na kidole cha shahada, na mkwaruzo mwembamba kama mstari wa kalamu iliyoteleza. Paka akaondoka kwa mwendo wa mlevi, akaingia katika kivuli cha ukuta, na kivuli hakikumrudisha. Nikapangusa damu kwa upindo wa kanzu, nikatawadha, nikasalisha.

Nyumbani Mwanatumu aliuona mkono wangu kabla hajauona uso wangu. Akaja na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Osha."

"Paka ni tohara, Mwanatumu."

"Mimi nimesema osha, sikukuuliza hukumu yake."

"Angekuwa mbwa ningeosha mara saba, na moja kwa udongo. Kwa paka sheria haikutaka kitu."

"Basi sheria na ikufunge kitambaa," akasema, akaenda zake na sabuni yake.

Nilicheka. Nalikumbuka cheko lile kuliko maumivu. Ndivyo anavyocheka mtu aliyesimama ndani ya elimu yake, kama aliyesimama ndani ya nyumba mvua ikinyesha kwa wengine, asijue kwamba nyumba haina ukuta wa nyuma.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, tulikuwa tumekaa barazani mwa msikiti mimi na Faki. Yeye hawezi kukaa bila ya habari, na habari yake siku ile ilikuwa ya mkata makuti wa mtaa wa pili.

"Kakwaruzwa mguuni, Maalim. Mkwaruzo tu. Ukapona, akausahau. Mwezi wa tatu mkewe kampa maji ya kunywa, koo likafunga. Akikiona kikombe anarudi nyuma mpaka ukutani. Hata upepo wa pazia ukimpiga, anapiga kelele. Siku tatu, kazikwa."

"Maradhi gani hayo?"

"Kichaa cha mbwa."

"Alikwaruzwa na mbwa?"

"Paka. Wanasema mnyama yeyote huweza kuyachukua." Akaniinamia mkono. "Hiyo nini?"

"Mwiba," nikasema.

Neno hilo nililisema barazani mwa nyumba ya Mola wangu, kanzu yangu ikiwa nyeupe, tasbihi mkononi. Faki akatikisa kichwa, akaendelea na habari nyingine, nami sikusikia tena neno, kwa kuwa Hofu alikuwa amekwisha kupanda ngazi za msikiti, akavua viatu vyake kwa adabu, akaja akakaa baina yetu.

Tangu hapo alisali safu ya kwanza, nyuma ya kisigino changu. Nikirukuu, anarukuu. Nikikaa tahiyatu, pumzi yake iko shingoni mwangu, na haina joto wala baridi; ina subira. Ndiyo iliyonitisha zaidi. Nimezoea kutishwa na vitu vyenye haraka: moto, nyoka, hasira za watu wenye mamlaka. Hiki kilichoingia mkononi mwangu, ikiwa kiliingia, hakina haraka. Huweza kulala katika nyama wiki tatu, au miezi mitatu, au mwaka, kikitambaa katika uzi wa neva kama msafiri anayeijua njia na anayejua pia kwamba mji hauhami. Na mji wenyewe ni kichwa changu. Humo mna herufi nilizofundishwa na baba yangu. Humo mna uso wa Mwanatumu siku ya ndoa yetu. Humo mna jina Lake, Aliye juu. Nikajiuliza: atakapofika huyo msafiri, ataanza kuzima taa ya chumba kipi?

Na nani atakayekuwa anaogopa wakati huo? Mimi? Kama mimi ni yule anayekumbuka, na ukumbusho ukachukuliwa, basi anayebaki akirudi nyuma mbele ya kikombe ni nani? Nilifundisha miaka arubaini kwamba mtu ni roho na mwili. Sikuwahi kufundisha kwamba baina yao yumo mtu wa tatu, naye akiondoka kabla ya wenzake...

Sikuimaliza sentensi ile. Siimalizi hata sasa.

Alama ya maradhi hayo ni kuyaogopa maji. Enyi msomao, tieni akilini: mimi ni mtu ambaye ameamrishwa kuyakabili maji mara tano kwa siku. Wengine wakiogopa maradhi haya hungoja. Mimi ninaitwa. Faki anapanda mnarani, anaadhini, nami nashuka birikani kuulizwa: umeanza kuogopa?

Siku ya tano niliinama. Maji yalikuwa yametulia, na uso wangu ukaja kama kawaida yake, na ndevu zake. Nilipousogeza mkono wenye jeraha, koo likanikaza. Mkono ukasimama hewani. Je, lilikaza kwa kuwa naogopa kwamba nitaogopa, au ndiyo hofu yenyewe imefika? Nikatazama tena. Uso uliokuwa majini ulikuwa na sikio la kushoto lililochanika. Nikagusa sikio langu: zima. La majini: limechanika. Nikafumba macho, nikaosha viungo kwa haraka kama mwizi, na wakati wa kupaka kichwa nilihisi ute mdomoni, nikameza, ukashuka, nikamshukuru Mola kwa kumeza, jambo ambalo katika miaka sabini na mbili sikuwahi kumshukuru kwalo.

Kutoka hapo beti moja ilinijia, kwa mizani yake, bila ya kuitafuta:

*Maji yangu ya miaka,*
*kwayo nilotakasika,*
*leo naona mashaka*
*mkono kuuzamisha.*

Nikangoja beti ya pili. Haikuja. Mashairi yangu yote hutembea mawili mawili, kama watu waendao msikitini. Hii ilibaki peke yake njiani.

Siku ya sita ilikuja mara mbili. Ya kwanza ilipita kwa salama, nikalala baada ya adhuhuri, nikaamka nikaikuta mlangoni tena, jua likiwa pale pale lilipokuwa asubuhi. Adhuhuri mbili zikafuatana bila ya alasiri baina yao. Hakuna aliyelalamika, kila mtu alikuwa na hesabu yake. Kila nilipopita nililitazama bakuli la jiwe. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni kama nilivyolijaza siku ile ya kwanza. Paka hawakuja. Ndege hawakuja. Jua lenyewe, linalokunywa mpaka umande wa makaburi, halikuchukua hata tone. Na kwa kuwa halikupungua, sikuwa na la kujaza, na wakfu wa mwanamke yule ukasimama mkononi mwangu.

Hapo ndipo elimu yangu ilipokuja kuniokoa, na laiti isingekuja. Ilikaa mbele yangu kama mwanafunzi mwenye akili nyingi, ikasema: Maalim, mgonjwa anayeogopa madhara ya maji huruhusiwa nini? Huruhusiwa kutayamamu, nikajibu. Hupiga viganja juu ya udongo safi, akapaka uso na mikono. Ikasema: je, wewe si mwenye kuogopa? Nikasema: mimi siogopi kwamba maji yatanidhuru. Ninaogopa kwamba nitayaogopa. Ikasema kwa sauti laini sana: hofu ni hofu.

Ningemrudi mtoto wa chuoni kwa hoja kama ile. Nilijua fika kwamba maji yako hatua nne kutoka miguuni mwangu na kwamba hakuna tabibu aliyenikataza. Hata hivyo nilikwenda nyuma ya kibla, mahali ambapo ukuta wa udongo umeanza kumomonyoka, nikapiga viganja, nikapaka. Vumbi lile lilikuwa na ladha ya raha. Siku ya saba, ya nane, na nusu ya tisa, nilisalisha watu kwa udongo, na nyuma yangu birika lilikuwa limejaa, na kati yangu na birika alikaa Hofu akiitikia amina.

Hakuna aliyejua, ila taulo.

Mwanatumu ana taulo la bluu analolitundika msumarini kwa ajili ya mikono yangu nirudipo kutoka msikitini, kwani mimi hurudi na mikono mibichi, ndiyo desturi yangu tangu ujana. Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, alilitwaa taulo lile, akalibonyeza shavuni mwake, akanitazama.

"Kavu," akasema. "Siku tatu kavu."

"Kuna jua kali."

"Jua halijapata kukukausha katika miaka hamsini." Akanishika mkono, akaugeuza. Katika mistari ya kiganja kulikuwa na wekundu wa udongo. Jeraha lilikuwa limefunga, limebaki doa kama mbegu ya ufuta. Alilitazama doa, akautazama udongo, na nikaona hesabu yake ya miaka mingi ikisimama, kwa sababu alikuwa amepata kitu kikubwa zaidi cha kuogopa.

"Yule paka," akasema.

"Yule paka."

"Unaweza kunywa?"

"Tangu jana nimekunywa uji tu. Uji mzito. Mwanatumu, sijui kama siwezi au sithubutu."

Hakulia. Alivaa buibui lake. "Vaa viatu. Ukibisha nitakwenda mnarani kwa Faki, nitalisema hili kwa kipaza sauti."

Nyumba ya matibabu iko ukingoni mwa mji, nyeupe, na njia ya kwendea hurefuka kwa anayekwenda na kufupika kwa anayerudi. Tulitembea muda ambao siwezi kuupima. Miti ya kando ilikuwa na masikio. Katika kila mlango kulikuwa na kikombe cha maji kilichowekwa kizingitini, na katika kila kikombe uso wangu ulijaribu kuniangalia, nami nikayatupa macho yangu juu, mbinguni, ambako nako, Subhana, kulikuwa na wingu lililojaa maji.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Nusra. Aliwahi kukaa mbele yangu chuoni, meno mawili ya mbele yameng'oka, akisoma mlango wa tohara kwa kupiga miluzi pasipo kutaka. Sasa alikuwa na miwani.

"Shikamoo Maalim. Uko siku ya ngapi?"

"Marahaba. Ya tisa."

"Uliosha kwa sabuni?"

"Nilitawadha. Paka ni..."

"Tohara," akamalizia. "Ninajua. Wewe ndiye uliyenifundisha, na bakora juu yake. Ukanifundisha pia kwamba mlango ule unazungumzia sala. Umechelewa, lakini tunaosha. Njoo bombani."

Akafungua bomba. Maji yakaanguka, na sauti yake ikawa sauti ya watu wengi wakilitaja jina langu. Nikarudi nyuma hatua moja. Mgongo wangu ukagusa ukuta. Nilipougusa nikamkumbuka mkata makuti.

"Nusra," nikasema, "nitajuaje kama hofu hii ni yangu au ni yake?"

"Ya nani?"

"Ya paka."

Hakucheka. Akachukua kikombe cha bati, akakikinga bombani, akaniletea. "Kunywa."

Nilipokiinua kikombe, nusu ya maji ikamwagika kifuani. Koo likakaza kama fundo la gunia. Nikamwona Mwanatumu mlangoni, taulo la bluu begani. Alikuwa amelibeba njia nzima. Nikafumba macho. Maji yakaingia mdomoni, yakakaa, yakangoja idhini. Ulimwengu mzima ulisimama juu ya ncha ya ulimi wangu, na nilijua kwamba kama yatarudi, nimekwisha kuwa mwingine, na huyo mwingine hatajua hata kwamba alikuwa mimi.

Yakashuka.

"Yameshuka?" akauliza Nusra.

"Yameshuka."

"Basi hofu bado ni yako."

Akaushika mkono wangu kama nilivyoushika wake zamani nikimwonyesha kalamu ya mwanzi, akaupaka sabuni. "Robo saa chini ya maji yanayotiririka. Leta uradi wako wa baada ya alfajiri, wote, usiruke. Ukiumaliza ndipo tutakapofunga." Nikauleta. Sikupata kuusoma polepole vile. Kila neno lilikuwa na povu. Nilipomaliza alinichoma sindano begani, kisha pale pale penye doa, na maumivu yake yalikuwa ya kweli, ya haraka, yenye mwisho, nusura niyakumbatie.

"Na ikiwa kichaa kimeitangulia sindano?" nikauliza.

"Sitakudanganya, Maalim. Dalili zikianza, hapa hatuna dawa, wala popote. Kabla ya dalili tunayo. Wewe uko upande wa kabla. Yuko wapi huyo paka?"

"Kivuli kilimchukua."

"Akionekana mzima baada ya siku ya kumi, nitapumua. Asipoonekana, sindano ndizo hizo. Na akionekana, bado uje." Akaandika katika kadi, akanipa. Ilisema: siku ya sifuri, siku ya tatu, siku ya saba, siku ya kumi na nne.

"Siku ya sifuri ni ipi?"

"Leo."

Tulirudi. Njia ilikuwa fupi. Alasiri sikusimama mbele. Nilimsukuma Faki mihrabuni kwa mkono mzima, nikasali safu ya mwisho, na baada ya sala nikasimama nikawaambia watu kwamba nimesalisha siku mbili na nusu kwa udongo, ilhali birika limejaa, kwa sababu ya hofu, na kwamba yule niliyemwita mwiba alikuwa paka.

Mtu mmoja akakohoa. Faki akageuka.

"Sala zetu je?"

"Zenu ni sahihi, hamkujua. Zangu ndizo zilizoanguka. Nitazilipa moja moja."

Faki akafikiri. "Mimi nilifungulisha mji mzima jua likiwaka," akasema, "wakalipa wote, na kunitukana juu yake. Wewe umeharibu yako peke yako. Hata katika kukosea una ubakhili."

Safu ya pili ikacheka, na kicheko kikapita juu ya kichwa cha Hofu bila ya kumtikisa. Alikuwa bado amekaa. Sikumtarajia aondoke. Nina sindano tatu mbele yangu, na miezi ambayo kila koo litakapokwama kwa chembe ya wali nitaweka kijiko chini na kusikiliza.

Watu walipotawanyika nikashuka birikani kuanza kulipa. Nikapita penye bakuli la jiwe.

Lilikuwa limepungua.

Kiasi cha upana wa kidole, na ukingoni, upande wa kivuli, jiwe lilikuwa bichi. Nilisimama. Huenda ni kunguru. Huenda ni jua, limerudi kazini. Huenda ni ulimi, na kama ni ulimi, huenda juu yake kuna sikio lililochanika, na kama lipo, basi mwenye sikio yu hai na anakunywa. Ningeweza kuinama nikatafuta alama za nyayo vumbini. Ningeweza kujificha nyuma ya nguzo nikangoja, siku ya kumi, ya kumi na moja, ya mia. Jicho langu lilikwisha kuanza kutafuta, nikalirudisha. Wakfu hautaji mnywaji. Unamtaja mjazaji.

"Uko siku ya ngapi, Maalim?" Faki aliita kutoka ngazini, kwa mazoea tu, akivaa makubadhi yake.

"Ya sifuri."

"Hakuna siku hiyo."

"Ipo. Imeandikwa."

Akabaki na kubadhi moja mguuni, akiwaza hesabu yake ya elfu sita. Mimi nikainama juu ya birika. Uso ukanijia majini, na sikutazama masikio yake. Koo likakaza, kama nilivyojua kwamba litakaza. Nikauzamisha mkono mpaka kifundoni, nikateka kwa kiganja, nikalijaza bakuli hadi ukingoni. Kisha, ningali naogopa, nikautia mkono tena kwa ajili yangu, nikatia nia.